Ua la usinisahau: maana yake, namna ya kumpa mtu, na jinsi ya kulipanda mpaka lichanue

Kama unataka kumpa mtu maua ya usinisahau mwezi wa nne mwakani, mbegu zake inabidi uziatike kati ya mwezi wa tano na wa saba mwaka huu. Naanza na hilo kabla ya yote maana ndo watu wengi wanapokosea na mimi nilikosea hapohapo. Mwaka wa kwanza nilinunua pakiti nikaatika mwezi wa nne, zikaota vizuri tu, majani yamejaa kitalu kizima, nikamwagilia mwezi wa sita, wa saba, wa nane, ua hata moja hakuna, nikasema hizi mbegu mbovu, nikang'oa zote nikatupa. Jirani yangu, mzee wa Kiingereza aliyelima bustani yake toka mi sijazaliwa, akachungulia juu ya uzio akaniuliza mbona umeyang'oa, nikamweleza, akatikisa kichwa akaniambia yalikuwa yamebakiza winta moja tu. Iliniuma kweli. Kwa hiyo haya maelezo yote nayaandika ili wewe usipoteze mwaka kama mimi.

Mi nipo Leicester, nafanya kazi ya kea, yaani kuhudumia wazee, na hili ua nililijua kazini kabla ya kulijua bustanini. Huku Uingereza shirika la Alzheimer's Society linalitumia kama alama, kwa hiyo ukifanya kazi na wazee wenye dimensia, ule ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu, utaliona kwenye beji, kwenye bango, kwenye kadi. Nilivaa beji yake karibu mwaka mzima bila kujua ua lenyewe likoje likiwa hai, mpaka siku moja mwezi wa tano nikakatiza paki, ile bustani ya watu wote, natoka shifti ya usiku nikakuta bluu imetandikwa chini ya matulipu, yale maua marefu yenye umbo la kikombe, nikachuchumaa.

Na kwa kweli hili ua usipochuchumaa hulioni. Ukisimama unaona rangi tu. Ukilisogelea unakuta kila ua lina upana wa kama milimita 6 mpaka 10, dogo kuliko kifungo cha shati, petali tano za bluu ya mbingu na katikati kiduara cha njano. Matumba yake yanaanza na pinki, yakifunguka ndo yanageuka bluu, kwa hiyo kwenye tawi moja unakuta rangi zote mbili zimekaa pamoja. Lile tawi lenye matumba limejikunja kama mkia wa nge, na kadiri maua yanavyofunguka nalo linajikunjua kidogokidogo. Alafu kuna jambo ambalo mi nilioneshwa na yule jirani na mpaka leo nalitazama: ua likishazeeka kile kiduara cha njano kinapauka kinakuwa cheupe, na nyuki anajua, anaruka meupe anaenda kwenye ya njano ambako bado kuna kitu cha kunywa. Majani yana vinyweleo laini laini, ndo maana jina lake la kitaalamu ni Myosotis, neno la Kigiriki lenye maana ya sikio la panya. Lishike jani moja kwa vidole viwili utakubali.

Kwanza elewa linasema nini

Ajabu ya hili ua ni kwamba kwenye lugha nyingi linaitwa hivohivo. Wajerumani wanasema Vergissmeinnicht, Waitaliano nontiscordardimé, Waswidi förgätmigej, na yote ni usinisahau. Wajerumani wana hadithi ya askari wa farasi aliyekuwa anatembea na mpenzi wake pembeni ya mto Danube, dada akayaona maua ukingoni akayatamani, yule bwana akashuka kuyachuma akiwa na deraya yake ya chuma mwilini, akateleza, mto ukamchukua, na kabla hajazama akayarusha maua juu akapiga kelele usinisahau. Ni hadithi tu lakini ndo imebebwa miaka yote.

Kwa sisi tulio mbali na kwetu, iliyonigusa zaidi ni ya Uingereza. Mwaka 1398 Henry Bolingbroke alifukuzwa nchini akaenda kuishi Ufaransa, na inasimuliwa kwamba huko uhamishoni alilichukua ua hili kuwa nembo yake, mwaka uliofuata akarudi akawa mfalme, Henry wa Nne. Mtu yuko ugenini, anachagua ua la kuwaambia walioko nyumbani wasimsahau. Ukikaa ughaibuni miaka kadhaa hilo huhitaji kuelezwa.

Baadae limekuwa ua la misiba mikubwa. Kule Newfoundland, Kanada, wanalivaa tarehe 1 Julai, maana tarehe hiyo mwaka 1916 kikosi chao kiliingia vitani Beaumont-Hamel, Ufaransa, wanaume kama 800, na kesho yake walipoitwa majina walioitika walikuwa 68. Waarmenia walipotimiza miaka 100 ya mauaji ya kimbari ya 1915 nao wakachagua ua hili, ila lao walilichora la zambarau. Tarehe 25 Mei, siku ya watoto waliopotea, linatumika pia. Na Alaska ndo ua la jimbo, hata bluu ya bendera yao inatoka humo, ilichorwa mwaka 1927 na mtoto aliyekuwa analelewa kituo cha yatima, Benny Benson, akaandika kwamba bluu ni ya anga ya Alaska na ya usinisahau.

Sasa hapa ndo nataka tuelewane kabla hujampa mtu. Neno usinisahau ni ombi. Ukimpa mtu unamtwika kazi ya kukukumbuka. Kwa mchumba anayesafiri sawa, kwa rafiki anayehama mji sawa. Ila lina upande wa pili, ule wa kusema mimi ndo sijakusahau, na hii ni ahadi, mzigo unaubeba wewe mtoaji. Hivi vitu viwili havifanani na ukivichanganya unaweza kumuumiza mtu bila kukusudia. Nimewahi kumuona mama mmoja mgonjwa ameletewa chungu kizuri cha maua haya, kadi imeandikwa kwa herufi kubwa usinisahau mama, na yule mama akaanza kuisoma kadi, akarudia, akarudia, alafu akaniuliza kwa wasiwasi, nimemsahau nani? Mtoto alikuwa na nia njema kabisa. Lakini huwezi kumuomba mtu kitu ambacho ugonjwa umeshamnyang'anya. Toka siku hiyo kila anayeniuliza namwambia, kwa mgonjwa geuza neno, andika sisi hatujakusahau.

Sisi Waswahili hili tunalijua toka zamani kwenye kanga. Humpi mtu kanga kwa maua yake tu, unaangalia jina, yale maandishi ya chini, unajua litasomwa na majirani wote na litamkaa vipi aliyepewa. Hili ua ni hivohivo, ni zawadi yenye jina. Lisome kwanza.

Kumpa mtu: yupi, lini, na kwa namna gani

Mpenzi au mchumba, hapo hakuna neno, bluu yake maana yake ni uaminifu na kukumbukana. Ila mtu mwenye ndoa yake ambaye sio wako usimpe, jina lenyewe litamletea maneno nyumbani hata kama wewe ulikuwa unamuaga tu kazini, mtafutie ua lingine.

Mwalimu anayestaafu, shoga yako anayehamia Kanada, dada aliyekulea, hawa ndo watu wake hasa.

Msibani kuwa makini. Huku Uingereza watu hugawa vipakiti vya mbegu za usinisahau siku ya mazishi, kila mtu akapande kwake kumkumbuka marehemu, na mi naona ni jambo zuri. Lakini kwetu msiba ni kukaa na wafiwa, kupika, kutoa rambirambi, kusoma dua au kusali, kwa hiyo usije na pakiti ya mbegu badala ya hayo, utaonekana umekuja na mchezo. Subiri. Arobaini imepita, watu wameshatawanyika, simu zimepungua, mfiwa ndo anabaki peke yake na ukimya, hapo nenda na chungu chako, mwambie sijamsahau marehemu na wewe sijakusahau. Mama aliyepoteza mtoto mchanga au mimba naye vilevile, wengi huambiwa wasahau wasonge mbele na wala hawataki kusahau, ila hii fanya kama mna ukaribu kweli, na mpe mkiwa wawili tu.

Kwa mzee mwenye dimensia, haya nayasema kwa uzoefu wa kazi. Ukiingia usianze na unanikumbuka mimi nani, huo ni mtihani na akifeli anajisikia vibaya hata kama hasemi. Jitambulishe mwenyewe, shikamoo bibi, mimi ni fulani mtoto wa fulani, nimekuletea maua. Kaa kwenye usawa wa macho yake, mpe chungu akishike, mpe jani aliguse maana vile vinyweleo vinapendeza kugusa, na ukimya ukija uache. Alafu jambo la usalama: mmea huu usiliwe. Jamii yake ina sumu za aina inayoharibu ini, na wagonjwa wengine hutia mdomoni chochote kilicho karibu, kwa hiyo ukiondoka kiweke chungu mahali anapokiona ila hakifikii, waambie na wahudumu. Na wewe mwenyewe usichemshe chai yake hata kama umeona mtu mtandaoni anasema ni dawa.

Unatoaje sasa? Njia ziko nne na nazipanga kwa jinsi ninavyozipenda.

Chungu chenye mmea ulio hai ndo cha kwanza kwangu. Toa mwezi wa nne, wakati matumba machache tu yamefunguka, ili mpokeaji ashuhudie mengine mwenyewe. Unaweza kukifunga kwa kipande cha kanga, kinapendeza mno.

Cha pili bahasha ya mbegu. Andika juu yake maelezo mafupi: atika Mei mpaka Julai, yatachanua mwakani. Bila maelezo hayo atafanya kama nilivyofanya mimi.

Cha tatu ua lililokaushwa kitabuni. Chuma asubuhi umande ukishakauka, chagua yaliyofunguka karibuni, yapange katikati ya karatasi mbili nyeupe, weka ndani ya kitabu kizito, juu yake ongeza vitabu vingine, usichungulie kwa wiki mbili. Bluu inabaki vizuri tu. Yabandike kwenye kadi kwa tone dogo la gundi, tumia kijiti cha meno, maana yakikauka yanavunjika kwa pumzi.

Cha mwisho maua ya kukata. Mi siyapendelei kwa sababu vikonyo ni vifupi na yananyauka upesi, lakini kama ndo unayo, chuma asubuhi mapema, tumbukiza kwenye maji hapohapo bustanini, ondoa majani yote yatakayozama, na yaweke kwenye kikombe kidogo au glasi ya chai, sio vesi refu, yatapotea humo.

Ndugu zangu mlio nje mnaotaka kutuma mbegu nyumbani, msizitie kwenye sanduku kimyakimya. Mbegu ni mmea, zina sheria. Kenya wanaosimamia ni KEPHIS, Tanzania ni TPHPA, na kinachotakiwa ni kibali cha kuingiza pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unayotumia. Mama yangu yuko Tanga, mi namtumia kadi niliyoichora hili ua kwa mkono, inatosha na haina shida na mtu.

Kupanda, hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza ni kujua unanunua nini. Kwa bustani na vyungu tafuta pakiti iliyoandikwa Myosotis sylvatica, ndo ya kawaida, inakua kama sentimita 15 mpaka 30. Kuna Myosotis scorpioides, hiyo ni ya majini na kingo za bwawa, usije ukainunua alafu ukaipanda kwenye chungu kikavu ukashangaa. Ipo pia ya pinki na nyeupe, lakini kama lengo ni zawadi yenye maana chukua bluu. Na kama uko Marekani angalia kwanza orodha ya mimea vamizi ya jimbo lako, maana kuna majimbo yanaihesabu mimea hii magugu kwa jinsi inavyosambaa hasa karibu na mito.

Hatua ya pili, kuatika, Mei mpaka Julai kwa huku Uingereza. Chukua trei yenye matundu chini, jaza mboji laini ya kuoteshea, ilowanishe kwanza alafu iache ichuje. Mbegu ni nyeusi zinang'aa, ndogo mno, zimwage kwenye kiganja kisha zitawanye kwa vidole viwili kama unavyotia chumvi kwenye mboga, usirundike. Funika na mboji nyembamba, kama milimita 3, maana zinapenda giza zikiwa zinaota. Weka trei pahala pa kivuli chepesi, joto la digrii 15 mpaka 20 linatosha kabisa, na hakikisha udongo haukauki, ila usiwe tope pia. Ndani ya wiki mbili hivi, saa nyingine tatu, utaona vijani vya kwanza.

Kumwagilia kipindi hiki ndo kunaua miche mingi. Ukimimina na keni kwa nguvu mbegu zote zinakusanyika kona moja. Mi naweka trei ndani ya sinia lenye maji kidogo, udongo unanyonya wenyewe kutoka chini, ukiona juu pamelowa unaitoa.

Hatua ya tatu, miche ikishapata majani mawili matatu ya kweli, yale yenye vinyweleo, ihamishe kila mmoja kwenye kikopo chake. Ishike kwa jani, usishike shina, jani likichanika litaota lingine ila shina likibonyea ndo basi.

Hatua ya nne ni mwezi wa tisa au mwanzoni mwa wa kumi, kabla baridi haijakolea. Pandikiza ardhini, nafasi ya sentimita 15 kati ya mche na mche, kwenye udongo unaoshika unyevu lakini hautuamishi maji. Mahali pazuri ni penye jua la asubuhi na kivuli mchana, chini ya miti inayopukutisha majani panafaa sana. Watu wengi wanapanda matulipu, yale mashina yake yanayofanana na vitunguu, katikati yake wakati huohuo, ndo ule uzuri wa paki niliousema mwanzo, bluu chini na tulipu imesimama juu. Mbolea usiizidishe, ukiipa samadi nyingi itakupa majani makubwa na maua haba.

Ile ya zawadi pandikiza kwenye vyungu, cha sentimita 10 mche mmoja, cha sentimita 15 miche mitatu.

Hatua ya tano ndo inayowashinda wengi, hasa sisi tuliotoka nchi za joto: iache nje winta nzima. Unaona barafu asubuhi, majani yamelala chini yamepauka, roho inakuuma, unataka kuingiza chungu sebuleni karibu na hita. Usiingize. Baridi ndo inayouambia mmea kwamba muda umepita na sasa ujiandae kutoa maua. Ukiulea ndani kwenye joto utapata majani marefu malegevu na maua unaweza usiyaone. Kazi yako winta ni ndogo: angalia vyungu visijae maji, viinue kidogo kwa vipande vya matofali, ondoa majani ya miti yaliyoangukia juu, na usiku ukitoka na tochi okota konokono, wale wenye gamba na wale wasio na gamba, wanapenda sana miche michanga.

Nilipokuwa naipitia hii hatua mara ya kwanza, ile miche aliyonipa jirani baada ya mimi kung'oa yangu, nilikuwa kila nikirudi kazini asubuhi naiangalia kwanza kabla sijafungua mlango. Mwezi wa kwanza, wa pili, hakuna hata dalili. Na hapo ndo nikaelewa kwa nini hili ua linafaa kutolewa zawadi kuliko yale ya kununua petroli stesheni ukiwa njiani. Ukimpandia mtu hili, umemkumbuka Mei, umemkumbuka Septemba ukipandikiza, umemkumbuka Januari ukifuta barafu, yani siku unampa neno lenyewe limeshatimizwa mwaka mzima na wewe.

Hatua ya sita, mwezi wa tatu joto likirudi mmea unaamka kwa kasi, mwagilia kama mvua hakuna. Mwishoni mwa Machi au Aprili matumba yanaanza na utakuwa na maua mpaka Juni. Unapokabidhi chungu mwambie mpokeaji akiweke nje dirishani au kwenye baraza yenye ubaridi, ndani hakitadumu, na amwagilie kabla udongo haujakauka kabisa.

Magonjwa sio mengi. Ule unga mweupe juu ya majani ni ubwiri unga, unakuja mwishoni mwa msimu udongo ukikauka na mimea ikibanana, dawa yake ni kutoa nafasi, kumwagilia chini na sio juu ya majani, na mmea ulioshikwa sana ung'oe tu maana kwanza umri wake umeisha. Mimea mingi ya usinisahau huishi miaka miwili ya kalenda, mwaka wa kuota na mwaka wa kuchanua.

Kwa mlioko nyumbani

Dar, Mombasa, Tanga mjini, Zanzibar, nasema ukweli mtahangaika bure, joto halina pa kutokea usiku. Huko ua la kukumbukwa nalo lipo, asmini, na ukimpa mtu kikuba kilichofungwa vizuri kwa asmini na rihani harufu yake ataikumbuka kuliko bluu yoyote, usinisahau harufu yake ni hafifu mno.

Wenye maeneo ya baridi, Lushoto, Njombe, Limuru, jaribuni ndugu yake anayeitwa Cynoglossum amabile, asili yake China, maua yanafanana sana, bluu hiyohiyo, ila huyu anatoa maua mwaka huohuo aliopandwa na hamngojei winta msiyokuwa nayo. Mrefu zaidi, anafika nusu mita na kuendelea kidogo, kwa hiyo panda ardhini sio kwenye chungu kidogo, atika mvua zinapoanza. Na mkipanda milima mirefu mkaona kimmea kidogo chenye maua madogo ya namna hii msishangae, jamii ya Myosotis ina wenyeji wake kwenye milima ya Afrika Mashariki na Ethiopia, piga picha, kiache hapohapo.

Kuvuna mbegu

Mwezi wa sita maua yanapoisha bustani inakuwa mbaya, vikonyo vimekauka, majani yamepata unga, na unatamani kung'oa kila kitu. Ng'oa, ila bakiza mimea mitatu minne iliyokuwa mizuri zaidi. Vikonyo vikishageuka kahawia tandika gazeti chini, inamisha tawi, ligonge kwa kidole, zitaanguka punje nyeusi zinazong'aa. Zilizobaki zitadondoka zenyewe na utakuta miche imejiotea kwenye njia, kwenye nyufa za saruji, hata kwa jirani, kwa sababu vikombe vyake, vile vilivyoshika ua kwa chini, vina vinyweleo vya kunasa kwenye soksi na manyoya ya paka. Ijue sura yake ili usiipalilie kwa bahati mbaya: majani ya mviringo mrefu, yenye vinyweleo, yamekaa duara chini kama sahani.

Zile za kwenye gazeti zianike kivulini siku mbili tatu, pepeta makapi kwa kupuliza taratibu, weka kwenye bahasha za karatasi, sio nailoni, nailoni inaleta ukungu. Juu ya kila bahasha mi naandika vitu viwili, mwezi niliovuna na jina la mtu zitakakokwenda. Jina naliandika sikuhiyohiyo, kabla sijaifunga.